Kizazi cha Tumezoea

Kwamndolwa, Korogwe
11 Februari 2024

Shangazi yangu Hajira,

Shikamoo. Huku tumeamka salama ila joto la Korogwe unalijua, hata kuku wanatembea midomo wazi. Ikram anatembea sasa. Anatembea kama mlevi, mara kashika ukuta, mara kashika sufuria, mara kamshika mbwa mkia, na mbwa anamvumilia. Baba yake, Sabiri, kapata kazi ya kujenga nyumba ya mwalimu mmoja kule Kilole, jioni anarudi mweupe kwa saruji mpaka mtoto anamkimbia. Anakusalimu sana.

Nimeona tuandikiane kama ulivyosema. Juzi nilipokupigia simu nilipiga kelele mpaka jirani yangu Mama Evodia akaja na kanga kichwani kuuliza nani amefariki. Na herufi za kitochi chako najua zinakupiga chenga. Laurenti amekubali kubeba barua kwenye fuso lake la kabichi, siku za gulio anapita karibu na kwako.

Sasa shangazi, jambo lenyewe ni la mbwa wetu Tumezoea. Bwana mifugo wetu, Mathias, amepita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba baada ya masika watakuja wataalamu kuchanja mbwa chanjo ya kichaa, na wenye majike wakitaka watafungiwa kizazi bure. Wanamlaza kwa dawa, wanapasua kidogo, wanashona, anarudi nyumbani. Mimi nataka afungwe. Akitaka dume hapa kwangu panakuwa kama stendi, madume yanatoka mpaka ng'ambo ya reli, na Mama Evodia anasema siku moja atayamwagia maji ya moto, na akisema anatenda.

Lakini mbwa ni wako. Nakumbuka uliponikabidhi siku naolewa ulisema, huyu ni wako wa kukulinda ila bado ni wangu mpaka nipate jike wangu. Ndiyo maana naomba ruhusa kwanza. Amezaa mara mbili na sijakuletea. Hilo tutaongea.

Mwanao,
Munira

*

Kwedizinga, Handeni
3 Machi 2024

Munira mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka kabichi. Mimi mzima, goti ndilo linalonisumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Mvua imetudanganya mara moja ikaondoka. Nimelima kule bondeni kwa babu yako na nangoja ya kupandia. Mwambie Sabiri ajifute saruji kabla hajaingia kwake, mtoto asimzoee baba kama mzimu.

Watachoka, mama yake Tumezoea, amekufa. Alikuwa mzee, alilala chini ya dungu la kulindia nyani pale shambani na hakuamka. Nimemzika palepale, maana ndipo alipofanyia kazi. Kwa hiyo mahindi ya mwaka huu sina mlinzi, na nyani wa hapa wameshajua. Dume lao kubwa linakaa juu ya kichuguu linaniangalia nalima kama msimamizi wa mashamba ya mkonge.

Nikukumbushe utaratibu, maana mjini mnasahau. Kwetu mbwa hanunuliwi wala hauzwi. Baba yangu, babu yako Mdoe, alimpata bibi yake Watachoka kwa kuomba, na alirudisha jike alikoombea kabla hajajiona ana mbwa. Ukipewa jike unarudisha jike. Ukishamrudisha, aliyebaki ni wako, mfanye upendavyo.

Unaniambia amezaa mara mbili. Hukuniambia watoto wako wapi. Kama umewagawa kwa majirani kabla yangu, sema, sitakuchapa, umeshakuwa mama wa mtu.

Hilo la kumpasua na kumfunga kizazi, hapana. Usiniandikie tena habari hiyo.

Mbusu Ikram.
Shangazi yako Hajira

*

Kwamndolwa
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na ramadhani njema. Pole sana kwa Watachoka. Nimemlilia kidogo jikoni, nikamwambia Sabiri ni kitunguu. Yule ndiye aliyenisindikiza shule miaka yote ile, akifika pale mferejini anakaa kunisubiri.

Tumefunga salama, Sabiri anafunga na kubeba tofali, namwonea huruma. Ikram anafuturu na sisi, ameshakula mchana kutwa lakini uji wa futari ukimnyima analia.

Watoto sikugawa. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia nikaikosa. Walikufa, shangazi. Uzao wa kwanza walikuwa wamenona, wameanza kulamba uji, nilishakuchagulia jike mwenye soksi nyeupe. Wakaanza kuharisha damu, wakaisha mmoja baada ya mwingine. Nikasema ni mkosi. Uzao wa pili nikawawekea magunia mapya, nikachemsha mpaka maji ya kunywa, wakafika umri uleule na ikawa vilevile. Sabiri aliwazika kule nyuma kwenye migomba. Asubuhi nikafungua mlango nikamkuta Tumezoea ameufukua mzoga mmoja, ameuleta mpaka kizingitini, amelala ameuzungushia mwili kama anaunyonyesha. Ikram alikuwa mgongoni kwangu. Nilishindwa kumfukuza na nilishindwa kupita.

Mathias anasema ugonjwa huo unakaa kwenye udongo wa uwanja, hautoki upesi, na chanjo ya watoto wa mbwa hapa kwetu haipatikani kirahisi. Akizaa tena hapa watakufa tena. Ndiyo sababu shangazi. Mama Evodia na maji yake ya moto nilimtanguliza tu ili nisikuandikie haya.

Najua nimekukosesha mlinzi. Lakini nieleze kwa nini hutaki, maana ulivyosema hapana ile, sijawahi kukusikia ukisema hapana vile.

Munira

*

Kwamndolwa
21 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo tena. Idi imepita, tulikula pilau, Ikram alivaa ile gauni uliyomshonea, imembana mabegani lakini alikataa kuvuliwa.

Sukari na kitenge nilivyompa Laurenti alisema amekufikishia mkononi. Nikamuuliza barua iko wapi, akasema hakuna barua, kuna mfuko wa kunde. Kunde tumezila, zilikuwa tamu, lakini hazikunijibu kitu. Gulio limepita na gulio lingine limepita, na mimi kila nikisikia honi ya fuso natoka na mikono ya unga.

Kama nimekuudhi nisamehe hata kabla sijajua nimekuudhi na nini. Ukitaka tusiongee habari ya mbwa tuongee ya mahindi.

Ila nikwambie tu, maana ni mbwa wako. Tumezoea alitaka dume. Nilimfungia kwenye banda la kuni, nikamtia komeo, Ikram akaenda kumfungulia kwa kuwa alikuwa analia. Kwa hiyo nadhani yameshatokea.

Mwanao ambaye bado ni mwanao,
Munira

*

Kwedizinga
5 Mei 2024

Munira,

Marahaba. Nilikuwa na kupalilia. Kitenge kizuri, nimeshakivaa msibani na watu wameuliza. Mahindi yamefika kiunoni. Nyani wako palepale.

Msifungie kitu kwa komeo la mti, mtoto anayetembea anafungua.

Hukuniudhi.

Kama udongo wa huko unaua, wa huku haujaua. Mlete azalie kwangu. Mpe Laurenti.

Hajira

*

Kwamndolwa
26 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ndiye anayekuletea mgonjwa wangu. Laurenti kwanza alikataa. Anabeba mbuzi, anabeba majeneza, lakini mbwa akasema abiria wake wataona najisi. Sabiri akamwambia abiria wako wapi, wewe una kabichi. Laurenti akasema basi kabichi. Wamebishana mpaka Mama Evodia akatoka, na ndiye aliyetoa gunia lake zuri na kutengeneza pa kulala nyuma kabisa mbali na mzigo, akinung'unika kwamba anafanya hivyo ili aondokewe. Nilimwona anampa ukoko wa wali.

Nimemwogesha kwa sabuni, hasa miguu, kama Mathias alivyoelekeza, ili asikuletee udongo wetu. Hali nyama yenye pilipili. Ukimwita mara moja haji, ukimwita mara ya pili kwa upole anakuja. Sijui kwa nini nakueleza, umemzaa wewe.

Ikram amelala chini getini anaita Mezea, Mezea. Hilo ndilo jina alilompa.

Habari yangu nyingine, nimekwenda kliniki kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba, tumekubaliana na Sabiri tupumzike kwanza. Nesi alinikalisha akanieleza kila kitu, akaniuliza, umekubali mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akashika mkono wangu, akaniuliza tena, hujalazimishwa na mtu? Nikacheka nikamwambia dada, mbona kama unanifungisha ndoa. Akasema lazima niulize. Hakuniumiza sana.

Wataalamu wa mbwa wamesogeza, watafika mwezi ujao. Nimemwambia Mathias atutoe kwenye mipango yake, mgonjwa kasafiri.

Nitunzie. Na wewe jitunze.
Munira

*

Kwedizinga
14 Julai 2024

Munira mwanangu,

Marahaba mama. Nimechelewa kwa sababu mbili, ya kwanza mahindi, ya pili utaiona.

Mbwa alifika salama, Laurenti ndiye aliyeshuka ananuka. Siku ya kwanza alizunguka shamba lote akinusa, akafika chini ya dungu pale nilipomzika mama yake, akajilaza. Sikumfundisha kazi. Lile dume la nyani liliposhuka kwenye kichuguu na jeuri zake, mbwa mwenye tumbo kubwa alinyanyuka akabweka mara moja tu, na nyani akarudi juu kama kasahau kitu nyumbani. Tumevuna, Munira. Si sana, ila tumevuna mahindi tuliyoyalima, si mabunzi matupu.

Kuzaa kulimshinda. Alianza asubuhi, jua likafika utosini, hamna mtoto. Alichimba, akahema, akawa ananiangalia. Mimi mbwa namheshimu lakini simgusi ovyo, unajua tulivyolelewa. Siku hiyo nilimgusa. Nilikaa naye kwenye banda la mahindi nimeshika kichwa chake. Alizaa wanne, wawili walitoka wamekufa. Waliobaki ni dume na jike. Wananyonya vizuri. Yeye mwenyewe amebaki mifupa.

Sasa hii ndiyo sababu ya pili. Uliniuliza kwa nini, nikakutumia kunde.

Wewe unajua sikujaliwa. Ndivyo alivyokwambia baba yako, na mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Nilijaliwa. Nilikuwa na umri kama wako sasa, nikashikwa na uchungu hapahapa, nikakaa nao hivyo hivyo jua likafika utosini na likashuka, wakanipakia kwenye trekta la kubeba mkonge mpaka hospitali. Sitakuandikia ni ipi, waliokuwepo hawapo. Mtoto alikuwa wa kiume, hakuishi. Nilipozinduka niliona wanawake wenzangu wodini hawanitazami usoni. Daktari akasema, mama tumekutoa kizazi, ungekufa. Namwamini. Wala simlaumu mpaka leo, kama si yeye nani angekulea wewe? Lakini mume wangu aliulizwa, akaweka dole gumba. Kaka yangu aliulizwa. Mimi nilikuwa macho, Munira, nilikuwa naongea, nilikuwa naomba maji. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Mume naye baada ya muda akatafuta mwenye kizazi.

Kwa hiyo ulipoandika wanamlaza, wanapasua, wanashona, nilikunja barua nikaiweka chini ya mtungi. Halafu ukaniandikia habari ya huyo nesi wako aliyeuliza mara mbili. Hiyo nimeisoma mara nyingi mpaka imechakaa mkunjo. Mwambie nesi asante. Asikwambie mtu kwamba ni mambo madogo.

Nimemaliza. Usinijibu kwa machozi, karatasi itaharibika.

Hajira

*

Kwamndolwa
28 Julai 2024

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo, na leo hii shikamoo nimeiandika nimepiga magoti kwelikweli, Sabiri kaniuliza natafuta nini chini ya kitanda.

Sikulia kwenye karatasi. Nililia kwenye kanga.

Nilikuwa na maneno mengi nikayaandika nikayachana. Najua moja tu. Nikiwa mdogo watu walikuwa wanakuuliza, huyu ni wako? Na wewe ulikuwa unajibu, kwani anafanana na wa nani. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Mimi nilikuwa najua ni ndiyo. Na yule kaka yangu ambaye hakuishi, kama ulimpa jina, niambie siku ukipenda, nimtaje nikiswali. Kama hukumpa basi nitamwombea hivyohivyo, Mungu anamjua.

Kuhusu Tumezoea, sitasema tena afungwe wala asifungwe. Wataalamu walikuja hapa wakachanja wakaondoka. Akirudi na tumbo jingine tutatafuta pa kumzalishia, hata kwa Mama Evodia. Usicheke, juzi kaniuliza, yule mbwa wenu mchafu anaendeleaje, na macho yake hayakuwa ya mtu anayechukia.

Jike ni wako sasa. Umempata kwako mwenyewe, kwa mikono yako, lakini naomba uhesabu kwamba nimemrudisha mimi.

Ikram ameongeza neno. Tukimuuliza Mezea yuko wapi anasema, kwa bibi.

Munira

*

Kwedizinga
22 Septemba 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Goti linakusalimu. Huku kukavu, tunachota maji lamboni kwa zamu na kugombana kwa zamu. Kunde nimeanika, utapata. Kigauni cha Ikram nimekiacha kipana mabegani safari hii, mwaka huu asikue kwa kasi ile.

Alikuwa anaitwa Mdoe, jina la babu yako. Nilimpa peke yangu, sikumwambia mtu. Sasa wewe unajua.

Umemrudisha jike, nimehesabu. Nimepokea. Nimemwita Hatujachoka. Jirani yangu wa mpakani, yule aliyesema mwaka huu nitahama bondeni, ameuliza jina hilo linamlenga nani. Nimemwambia nyani. Dume lenye soksi nyeupe atakuja nalo Laurenti, ni la Mama Evodia kama atalitaka, mwambie lisikanyage uwanja wenu mpaka likue. Laurenti siku hizi anaulizia mbwa kabla ya kuniulizia mimi.

Sasa la mwisho. Wataalamu wamefika huku pia, walipiga kambi shuleni, likizo ya wanafunzi. Hatujachoka na kaka yake walichanjwa. Tumezoea nilimfunga kamba, nikamtembeza mwenyewe. Njiani nilisimama mara mbili nikitaka kurudi. Nilimkumbuka vile alivyokuwa ananiangalia pale bandani, na wale wawili waliotoka hawapumui, na yule uliyemkuta kizingitini. Mimi msiba wangu ulikuwa mmoja na ulinitosha maisha yote. Yeye ameshazika wangapi?

Pale palikuwa na binti mmoja daktari, mdogo kama wewe, amevaa glavu, ameshika sindano, foleni ndefu. Akaniambia, bibi mshikilie kichwa. Nikamwambia subiri, sijamuuliza. Akasema nani? Nikamwambia, mwenye kizazi. Watu wa foleni walicheka, yule binti hakucheka. Alishusha sindano akarudi nyuma hatua.

Nikachuchumaa kwa goti langu hili. Nikamwambia sikioni, Tumezoea, hutazaa tena, utapumzika. Umekubali mwenyewe? Alinitazama tu. Nikamuuliza mara ya pili kwa upole, kama ulivyonielekeza.

Alinilamba mkono.

Amepona, nyuzi zimetoka, nilimfunga tumbo kwa kipande cha kanga yangu ya zamani na amekataa nimvue. Ukimwona anashuka kwenye fuso amevaa, usimcheke.

Mkono niliuosha kwa udongo na maji, mara zote saba za kutoa najisi ya mbwa, kama tulivyofundishwa. Lakini sikuukimbiza majini, Munira. Nilikaa nao kwanza.

Shangazi yako,
Hajira